Homa 39 na bado analilia blanketi

Mkuu, umeuliza kwa nini mwanao mwili unaunguza kama jiko halafu analia baridi, na kama Panadol inatosha. Yamenikuta mwenyewe hapa Kirumba.

Mwaka juzi nilitoka mwaloni kununua dagaa, saa saba mchana, na jua la Mwanza mnalijua. Nilifika nyumbani meno yanagongana, nikavaa sweta na kujifunika mablanketi mawili. Mama watoto akaniweka kipimajoto kwapani: 39.4. "Baba nanihii, unaungua, unajifunikia nini?" Nikaona ananionea, maana baridi naisikia hadi kwenye mifupa.

Iko hivi. Askari wa mwili wakikutana na vimelea wanamwaga ishara kwenye damu. Zikifika kwenye vimishipa vya ubongo, kuta zake zinatengeneza kemikali iitwayo prostaglandini E2 kutoka kwenye mafuta ya utando wa seli. Haina ghala, inapikwa palepale inapohitajika. Inapenya mpaka hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, na kuipandishia kiwango: badala ya 37, sasa inataka tuseme 40. Mimi niko 39.4, bado nadaiwa! Basi mishipa ya ngozi inajibana na misuli inatetemeka ili kulipa deni. Kiwango kikirudi chini ndipo jasho linakutoka chapachapa.

(Jina la prostaglandini msicheke: limetokana na tezi dume, kwa Kiingereza "prostate". Mwaka 1935 mwanasayansi von Euler wa Uswidi alidhani ndiko inakotoka. Kumbe karibu kila kiungo kinaitengeneza.)

Mwaka 1971 mwanasayansi Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini inazuia utengenezaji wa prostaglandini, na 1982 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili. Panadol nayo inaipunguza kule ubongoni, ndiyo maana homa inashuka. Vimelea haiwagusi hata kidogo.

Hapo ndipo nilipochemka. Nilimeza viwili, jasho likatoka, usiku nikala sato na ugali, nikajiona nimepona. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu nilishindwa kusimama, nikabebwa kwa bajaji. Kwenye kipimo cha malaria, mistari miwili: ninayo.

Kwa hiyo mtoto mvulie hayo mablanketi mazito, Panadol mpe kulingana na uzito wake, lakini akapimwe malaria leo hiihii, hata kama jioni ataamka anacheza. Wakimwandikia dawa mseto, amalize siku zote tatu.