Kabla hamjaipakia mashua kwenye lori

Jumamosi iliyopita pale ufukweni Dunga, hapa Kisumu, niliwakuta mmeinamia karatasi juu ya boneti ya gari, mnapanga safari ya Ziwa Turkana. Nilichungulia begani kwa mmoja wenu nikasoma mstari wa kwanza: "Kung'oa nanga saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaamka." Niliwaaga nikaenda zangu, na usiku ule sikupata usingizi. Mstari huo niliuandika mimi mwaka 2011, karibu neno kwa neno, nikiwa na uhakika kama mlio nao ninyi.

Nawapenda, na mnalijua hilo. Wengi wenu nimewafundisha kushika kana, ule mpini wa usukani, na wengine nimewavuta kutoka majini mmejifunga kamba za tanga kama kuku wa kupelekwa sokoni. Lakini nimechoka kuona kila kundi linalokwenda kaskazini likiondoka na kichwa kilichojaa Kisumu. Someni hadi mwisho, kisha iandikeni ile karatasi upya.

1. Saa za upepo. Hapa kwetu mmezoea. Alfajiri kunapulizwa kaupepo kepesi kutoka nchi kavu, kanakusukuma nje taratibu. Kufika saa sita ziwa linatulia kama mafuta, halafu mchana ule wa magharibi unaingia kutoka upande wa Rusinga na unarudi nyumbani nao mgongoni. Mtoto wa Dunga anaijua ratiba hiyo kabla hajajua kusoma. Sasa ifuteni. Turkana upepo ni wa kusini-mashariki, unatoka Bahari ya Hindi na kubanwa kati ya nyanda za juu za Kenya na zile za Ethiopia, kama maji ya mfereji yanapofika penye mwanya mwembamba. Unapata nguvu usiku, unafika kileleni alfajiri, unaendelea kupiga asubuhi, kisha jua likishapanda na kuikaanga ardhi unalegea. Jioni ziwa limelala. Kwa hiyo ile saa kumi na moja yenu ndiyo saa mbaya kuliko zote. Kama mnadhani natia chumvi, kumbukeni kwamba kule kusini-mashariki mwa ziwa imesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo, ya megawati 310. Hakuna aliyeipeleka jangwani kwa ajili ya kupendezesha mandhari.

2. Nanga. Chukueni mbili, na mnyororo. Hapa ndipo ninapotaka mketi.

Mwaka ule wa 2011 tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu tuliyesoma naye, na mtoto wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 19 na alikuwa anajifunza ufundi wa magari hapa mjini. Mashua ilikuwa ya futi 16, ya kuazima. Mwenyewe alikuwa mzee aliyenifundisha kusafiri kwa tanga, na alinipa bila kuuliza maswali. Tulipita Kakamega, Webuye, Kitale, tukateremka hadi Lodwar, tukashusha mashua Kalokol. Siku mbili tulikaa ufukweni tukiona asubuhi ziwa limechafuka na jioni limetulia, na bado sikuunganisha mambo. Nilidhani ni hali mbaya ya hewa inayopita. Hebu fikirieni: nilikuwa nimesafiri kwa tanga miaka kumi na mbili.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunapakia, alikuja mzee mmoja Mturkana mwenye kigoda chake mkononi, mvuvi. Akaitazama mashua kwa muda mrefu, akaniuliza tunalala wapi. Nikamwambia Kisiwa cha Kati. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Upepo wetu unaamka usiku." Nikamwitikia, "Ndiyo, mzee, asante," kwa adabu zote, huku mikono yangu ikiendelea kufunga mizigo. Sikumuuliza hata swali moja. Adabu ile naijutia hadi leo, kwa sababu ilikuwa njia ya kumnyamazisha. Mtu anayekuita kando kukwambia habari ya maji yake, ukimpa asante na mgongo, umemtukana.

Tulifika kisiwani jioni kwa makasia, tanga limening'inia. Sasa sikilizeni jinsi nilivyofikiri, kwa maana kosa halikuwa uzembe, lilikuwa hesabu. Nilijiambia: kesho mchana upepo mkali utatoka magharibi, kwa hiyo niifiche mashua mashariki mwa kisiwa, kisiwa kiikinge. Nikazunguka, nikatupa nanga moja ya kilo sita, kamba mita 15, bila mnyororo, kwenye sakafu ya changarawe nyeusi ya volkano. Maji yalikuwa tambarare, hata taa ya tochi iliakisi bila kutikisika. Tukalala kwenye hema juu ya ufuo tukiwa na furaha. Nilikuwa nimeificha mashua dhidi ya upepo wa Kisumu, upepo usiokuwepo, na nimeiweka wazi kabisa mbele ya ule uliokuwepo.

Saa nane usiku hema lilipigwa kofi moja. Hakukuwa na dalili iliyotangulia. Nilipotoka nje mchanga ulikuwa unanichoma usoni, na mashua ilikuwa imeshaburuta nanga hadi ufukweni. Wimbi linaiinua, linaibwaga juu ya mawe, linaiinua tena. Mlio wa mkuku, uti wa chini wa mashua, ukigonga mwamba hausahauliki, unausikia miguuni kabla ya masikioni. Nikamulika tochi pembeni nikaona macho mekundu mawili, kisha mengine mawili, mbali kidogo. Kisiwa kile ni mazalio ya mamba, kila mtu analijua hilo, hata mimi nilikuwa nalijua. Bado nikaingia majini hadi kiunoni, na vijana wakanifuata kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nahodha.

Tukaikamata mashua ukingoni, watatu. Nikawa napiga kelele, "Shikilia! Shikilia!" Wimbi likaja kubwa kuliko mengine. Hapo nilipaswa kusema achia. Neno moja, silabi tatu. Nikasema shikilia, na mtoto wa dada yangu akashikilia kama alivyoambiwa na mjomba wake, na mashua ikaushusha mkono wake wa kushoto juu ya jiwe.

Upepo haukulegea hadi karibu saa tano asubuhi. Saa zote hizo alikaa nyuma ya mwamba, mkono umefungwa kwa kipande cha tanga, halii, ananiomba radhi kwamba mashua imetoboka. Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba radhi. Saa nane mchana, ziwa lilipolala, tuliona mtumbwi wa wavuvi unakuja moja kwa moja, na ndani yake kijana wa yule mzee. Mzee alikuwa amewaambia asubuhi wangoje upepo ukate, kisha waje watuchukue. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Lodwar walimfunga vizuri, lakini ngumi ya mkono ule hadi leo haifungi sawasawa, na spana ndogo anashikia mkono wa kulia tu.

Mashua tuliiacha kule vipande. Nilipokwenda kwa mwenyewe hapa Kisumu nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Ulimuuliza nani?" Sikuwa na jibu. Nilimlipa kwa miaka mitatu, na kila mara nilipompelekea pesa aliniandalia chai, na swali lile halikurudi tena.

Basi nanga mbili, mita tatu za mnyororo kwa kila moja, na mashua ilale magharibi au kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Upepo ukiwa mashariki na mawe yako nyuma yako, huna nafasi ya kufikiri mara ya pili.

3. Maji ya kunywa. Ziwa lile ni la magadi, tumbo lenu halitalipenda. Lita 5 kwa kila mtu kwa siku, kisha ongezeni za siku mbili.

4. Mamba. Hapa mmezoea kuogopa kiboko, ambaye mnajua analala wapi na anapita wapi. Mamba hana adabu hiyo. Msioshe sufuria ukingoni usiku, msikalie ubavu wa mashua miguu ikining'inia, hata maji yakiwa matulivu na joto limewazidi.

5. Tanga. Punguzeni kabla ya kutoka, siyo mkiwa nje. Ghuba yetu ni fupi na gugumaji lenyewe, pamoja na kero zake zote, linaua wimbi. Turkana ina urefu wa kilomita 250 hivi, na upepo ule unapata juu ya maji yale uwanja mrefu wa kukimbilia. Wimbi lake ni fupi na limesimama wima, mashua ndogo inakwenda bisho, yaani kuukabili upepo, kama inapanda ngazi. Mmoja wenu, yule mrefu, ana tabia ya kusubiri aone kwanza. Wewe kijana, usisubiri.

6. Ufuo wa kwenye ramani msiuamini. Ziwa lile hupanda na kushuka. Wanorwei walijenga kiwanda cha samaki Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kabla ya muongo kwisha ghuba lililokuwa likileta samaki lilikuwa limekauka. Miaka hii limepanda tena na kufunika fukwe zilizochorwa. Chini ya maji kuna miti na mabaki ya nyua. Ingieni polepole, ubao wa kati, ule unaozama chini ya mashua, umeinuliwa nusu, mmoja akiwa omoni, mbele kabisa, na kasia la kupimia kina.

7. Kisiwa cha Kusini msiende. Najua kipo kwenye karatasi yenu, nimekiona, kimepigiwa mstari. Mwaka 1934 msafara wa mtafiti Mwingereza Vivian Fuchs uliwapeleka huko watu wawili, Martin na Dyson, na hawakuonekana tena. Wale walikuwa watu wazima waliojiandaa. Upande ule wa ziwa ndiko upepo unakotokea mlangoni. Mwaka ujao, mkishaijua Kalokol kama mnavyoijua Dunga, nitakwenda nanyi mwenyewe.

8. Kalokol, kabla ya kugusa kamba yoyote, kaeni. Nunueni chai na tumbaku, tafuteni wazee wa uvuvi, waulizeni upepo unaamka saa ngapi mwezi huu, unalala saa ngapi, wao mitumbwi yao wanaifunga wapi. Wakishajibu waulizeni tena. Yule mzee wangu amefariki. Kijana wake bado anavua, ana mtumbwi wa buluu. Mwambieni mmetoka kwangu, atajua.

Safari yenyewe iwe hivi: mnatoka saa tisa mchana, upepo umebaki pumzi za mwisho, mnafika jua halijazama, mnatupa nanga mbili upande wa magharibi. Kesho yake hamgusi maji hadi upepo ulegee.

Nanga ya pili iko kwangu, nyuma ya tangi la maji. Njooni mwichukue kabla ya Ijumaa. Kamba yake ni mita 40, jana nimeipitisha yote mkononi, fundo kwa fundo. Mtoto wa dada yangu ndiye aliyeunganisha pingu ya mnyororo, na anasema mkifika mwonyesheni kwanza mnavyoifunga.