Msaidizi Asimame Safuni Pamoja na Watoto

Swali la juma hili linauliza iwapo shule za ngoma zinafanya vyema kuwatumia wanafunzi wakubwa kusaidia kuwafundisha watoto, au kama kwa kufanya hivyo zinawanyima watoto mwalimu wanayestahili. Mimi hufundisha ngoma za asili hapa Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kile ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Jibu langu ni kwamba zinafanya vyema, mradi msaidizi asimame safuni pamoja na watoto, na mwalimu mwenyewe asitoke ukumbini hadi kipindi kimalizike.

Mwalimu anayesimama mbele huku amewaelekea watoto huwa amewageuzia pande zote: mguu wake wa kulia unaonekana kushoto kwao, na mtoto wa miaka saba hufuata anachokiona, hata ukimtajia kulia mara kumi. Mwalimu akiwapa mgongo ili wamwige vizuri, hawezi tena kuona nani anakosea. Kijana wa miaka kumi na sita anayecheza katikati ya safu, akielekea wanakoelekea wenzake wadogo, humwezesha mwalimu kubaki akitazama, na mtoto aliyepotea hatua ana mwili wa kuufuata karibu yake bila kuitwa jina mbele ya wote.

Faida kubwa zaidi huonekana katika bugobogobo, ngoma ya kilimo ya Wasukuma, ambayo mchezaji huicheza akiwa na jembe mkononi, akilizungusha na kulirusha huku miguu ikishika mdundo. Watoto huanza na fimbo fupi. Sisi tulioicheza kwa miaka mingi hudhani kwamba ugumu uko mkononi, kwa hiyo huwakazania watoto washike vizuri, lakini kijana aliyejifunza juzi anajua kwamba ugumu uko machoni, kwa sababu mtoto akiitazama fimbo inapopanda, miguu yake huacha kusikiliza. Nimemwona msaidizi akimwondolea binti mmoja fimbo, akacheza naye hatua za miguu tu bega kwa bega mpaka mdundo ukamkaa, ndipo akamrudishia fimbo na kumwambia atazame mgongo wa aliye mbele yake. Fimbo haikumponyoka tena jioni ile.

Yapo pia masikio. Watoto wengi hutaka kuhesabu hatua, na anayehesabu huchelewa, kwani mpigaji wa msondo, ile ngoma ndefu, hasubiri hesabu ya mtu. Msaidizi mzuri huitamka ngoma kwa kinywa, kwa sauti ya chini, na watoto walio karibu naye huanza kuitamka pamoja naye bila kuamriwa. Hata sogora wetu, wapiga ngoma mahiri, walijifunza kwa namna hii ya kukaa karibu na mkubwa: kijana alipewa kwanza ngoma ndogo ya kushikilia mdundo, akawa sehemu ya ngoma yenyewe muda mrefu kabla hajakabidhiwa ile inayoongoza. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba usaidizi huu ni desturi ya kuazima.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo msaidizi hapaswi kuachiwa. Sindimba ya Wamakonde huchezwa kwa kiuno, na kishawishi cha kumshika mtoto kiunoni ili kumwonyesha ni kikubwa. Msaidizi asimshike. Aonyeshe kwa kiuno chake mwenyewe, na pale ambapo kumgusa mtoto ni lazima, kwa mfano kumfunga njuga vizuri ili zisimchubue, afanye hivyo mbele ya mwalimu na baada ya kumwomba mtoto ruhusa. Vilevile asiadhibu, asimnyooshe mtoto misuli kwa kumsukuma mgongo, wala asiamue nani atacheza kwenye onyesho na nani atabaki nyuma. Kijana wa umri huo bado ana marafiki na ndugu miongoni mwa wadogo, na uamuzi wa namna hiyo humletea lawama asizoweza kuzibeba.

Ninaumizwa zaidi na vikundi ambavyo mwalimu huwakabidhi wasaidizi watoto wote, akaenda kwenye shughuli zake, kisha akapokea ada kamili za wazazi. Hapo watoto wamekosa mwalimu kweli, na kijana naye amepoteza muda wake wa kujifunza. Msaidizi apewe nauli na chakula siku anayofanya kazi, na saa zake za mazoezi ya juu zisiguswe hata kidogo, maana bila hizo atakuwa anawarudia watoto yale yale aliyoyajua mwaka uliopita.

Ningependa pia kila kipindi kiishe kwa mwalimu na wasaidizi kukaa kitako kidogo, watoto wakishaondoka, wakazungumza juu ya kila mtoto: nani ameanza kusikia chapuo, ile ngoma ndogo, nani anaficha maumivu ya kifundo cha mguu, nani hakucheka leo. Mambo haya ya mwisho mara nyingi huwafikia wasaidizi kwanza, kwa kuwa mtoto huyasema safuni, kwa kunong'ona, na mwalimu asiyeyauliza hatayapata.