Mwanafunzi anayeelekea kuacha shule: tuanze na nani?

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanajamii wa kujitolea. Tumekuwa tukiwanunulia sare na madaftari wanafunzi wa familia maskini ili wasiache shule, lakini baadhi yao wameacha vilevile. Sasa tumepata watu wazima 12 walio tayari kuwa walezi wa wanafunzi, pamoja na fedha kidogo. Tuchague vipi wanafunzi wa kusaidia, na fedha hizo tuzitumieje?

JIBU: Anzeni na daftari la mahudhurio, orodha ya familia maskini ifuate baadaye. Umaskini huongeza hatari, ni kweli, lakini wanafunzi wengi maskini humaliza shule, na wapo wasiopungukiwa kitu nyumbani wanaoacha. Kuacha shule ni jambo la polepole. Mtoto hukosa siku moja moja, anaachwa nyuma na somo, anaona aibu kurudi, anakosa tena. Dalili hizo huonekana mapema kuliko tunavyodhani. Mtafiti wa elimu Robert Balfanz na wenzake walifuatilia wanafunzi wa mji wa Philadelphia, Marekani, tangu darasa la sita, na katika utafiti waliochapisha mwaka 2007 walionyesha kuwa mahudhurio mabovu, kufeli hisabati au Kiingereza na matatizo ya nidhamu yalitosha kuwatambua wengi wa wale ambao hawakuja kuhitimu. Hao walikuwa watoto wa miaka 11 au 12 tu.

Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 10. Mwanafunzi aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo au zaidi yuko hatarini, awe alikuwa na ruhusa au hakuwa nayo. Katika muhula wa siku 60, hizo ni siku sita. Zikitawanyika, siku sita hazimshtui mwalimu wala mzazi. Ndiyo maana nawasihi msiridhike mkiambiwa kwamba wastani wa mahudhurio ni mzuri. Darasa la wanafunzi 40 lenye wastani wa asilimia 94 linaweza kuwa na wanane wanaokosa robo nzima ya masomo, huku waliobaki wakihudhuria karibu kila siku. Ombeni hesabu ya kila mtoto peke yake.

Mkishawapata, angalieni wanakosa siku zipi. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na vikundi vingi huiruka. Tuseme kuna binti anayekosa kila Alhamisi. Kwenye daftari anaonekana mtoro. Mlezi akikaa naye na kumuuliza kwa upole, "Alhamisi huwa kuna nini nyumbani?", anagundua kwamba siku hiyo mama huenda kliniki na hakuna mwingine wa kubaki na mtoto mchanga. Sare mpya haimsaidii binti huyu hata kidogo. Anahitaji jirani wa kushika mtoto saa chache, au kliniki ibadilishe siku. Mwingine anafika asubuhi na kutoweka kabla ya kipindi cha hisabati. Huyo anakimbia somo, na dawa yake ni mtu wa kumfundisha alipoachwa. Wa tatu anaonewa njiani. Wote watatu wameandikwa alama ileile ya utoro.

Kuhusu walezi: kila mmoja apewe wanafunzi wawili, basi. Mfano mzuri wa kufuata ni mpango wa Check & Connect, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1990. Mlezi hukagua mahudhurio, nidhamu na alama za mwanafunzi mara kwa mara, huzungumza naye kuhusu alichokiona, na huwa kiungo kati ya familia na walimu. Hukaa na mwanafunzi yuleyule kwa angalau miaka miwili. Muda huo una maana kubwa. Watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichunguza uhusiano wa walezi na vijana, wakachapisha matokeo mwaka 2002: waliokaa pamoja mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi, na vijana ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walijithamini kidogo kuliko walivyokuwa mwanzo. Kwa hiyo anayeshindwa kuahidi mwaka mzima mpeni kazi nyingine, hata kama ana moyo mwema kiasi gani. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wazima hastahili kuachwa tena na mlezi mliyemletea ninyi.

Fedha zisigawanywe sawasawa. Ziwekeni ziwe akiba ya kuondoa kikwazo mlezi alichokithibitisha: nauli ya huyu, miwani ya yule, na sare pale ambapo sare ndiyo tatizo kweli. Kumbukeni pia kwamba gharama kubwa ya shule kwa familia maskini mara nyingi ni kipato ambacho mtoto angeleta kama angekuwa anafanya kazi. Mexico ililitambua hilo ilipoanzisha Progresa, mpango wa serikali wa kuzipa familia maskini fedha, mwaka 1997. Ruzuku ilitolewa kwa kina mama kwa sharti la mahudhurio ya asilimia 85, na ilipanda kadiri mtoto alivyopanda darasa, kwa sababu mtoto mkubwa ndiye anayevutwa zaidi na kibarua. Kikundi chenu hakitaweza kulipa ruzuku ya namna hiyo, lakini mnaweza kuelekeza nguvu zaidi kwa wanafunzi wakubwa.

Kabla ya yote hayo, andikianeni makubaliano na mwalimu mkuu: nani atawapa taarifa za mahudhurio kila wiki, nani anaruhusiwa kuziona, na mlezi amwone nani iwapo mtoto atamweleza kwamba anapigwa au anadhulumiwa. Wazazi watoe ridhaa. Walezi wachunguzwe kabla ya kupewa mtoto, na mikutano yao na watoto ifanyike shuleni, mahali panapoonekana na watu. Mwisho wa muhula linganisheni siku alizokosa kila mwanafunzi na za muhula uliotangulia. Ambaye hakubadilika, rudini kwake na swali lilelile la sababu, maana huenda mliyoshughulikia sio yenyewe.