Kontrola kwanza, CDJ baadaye

Mdogo wangu, una dola 400 na kompyuta nzuri, unataka kuanza kupiga muziki wa hausi kama DJ hapo Goma, unauliza ununue kontrola (kifaa kimoja cha kuendesha programu ya DJ iliyo kwenye kompyuta) au CDJ mbili (mashine za DJ zinazocheza muziki zenyewe bila kompyuta). Chukua kontrola ya chaneli 2, yaani ya kuchanganya nyimbo mbili. Kontrola kama DDJ-FLX4 inakula umeme wa USB ya kompyuta, kwa hiyo umeme ukikatika mtaa wa Himbi, unaendelea kujizoeza na hedifoni mpaka betri iishe.

Ya mtumba usilipe kabla ya kuichomeka. Sukuma kila fada (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) polepole. Sauti ikikwaruza, achana nayo. Mimi ya kwanza nililipia gizani, fada ya kushoto ilikuwa imekufa!

Spika kodisha tu. Ila kwenye jenereta usichomeke kitu bila stabilizeta (kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka), na fundi umeme akague waya wa ardhi.