Barua kwa mwanangu Yona, kuhusu Kondoa

Mwanangu Yona,

Mbukwa. Ujumbe wako niliuona jana jioni nikiwa shamba Mpunguzi, nikausoma juu juu kwenye jua, usiku nikavaa miwani nikausoma vizuri, alafu nikamsomea na mama yako maana humu ndani hakuna siri. Umeuliza kitu kimoja tu. Mkamwana wangu ana wiki ya sita tangu atolewe titi kwa saratani, sasa je umpeleke Kondoa kwa mama yake akapumzike mpaka arudi kawaida, au abaki hapo Dar na wewe na mtoto. Na kule chini, kama vile ulipitiwa, ukaandika kwamba saivi unalala kwenye kochi ili usimgonge mkono.

Hilo la kochi ndo limenikosesha usingizi, la Kondoa tutalifikia.

Mimi kochi nililala miezi miwili, mwaka 2009. Lile lile la kijani mliloliruka ruka mpaka springi zikatoka. Wewe hukujua chochote, ulikuwa bweni kidato cha tatu, tukakuficha mpaka likizo ya Juni, na najua mpaka leo hilo hujatusamehe ila leo tuliache. Mama yako alitolewa titi la kulia lote pamoja na tezi za kwapani, akarudi nyumbani na mrija ubavuni na kichupa chake, na mimi nikageuka nesi. Kila asubuhi namwaga kichupa, napima, naandika kwenye daftari kama nilivyokuwa naandika dizeli ya vichwa vya treni kule karakana. Sista alisema maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, mrija unatolewa. Tukaanza na 110, ikaja 90, ikapanda tena 100 siku aliyojifanya kufagia, nikamfokea, ikashuka. Siku ya 12 ukatolewa. Nikalifunga daftari nikaona tumemaliza kazi. Fundi ndo alivyo, akishaona geji imekaa sawa anadhani na mashine imepona.

Kochi nilihamia usiku ule ule aliporudi. Nilijigeuza usingizini nikamgusa akashtuka, basi nikabeba shuka langu nikatoka. Nilijiona mume mwema sana Yona, yani mgongo unaniuma asubuhi na mimi nafurahi kwamba najitolea. Sikumuuliza. Yeye kule chumbani analala macho anajiambia mume wangu ameniona kidonda ameshindwa. Miezi miwili. Hakusema na mimi sikusema, kila mtu anamstahi mwenzake.

Unajua msemo wangu, mmeusikia mpaka mmeuchoka. Kidonda kina mwenyewe, muulize mwenyewe. Sasa ujue nilikoutoa, sikuzaliwa nao.

Ila tena nisikudanganye, kuuliza nako kuna namna yake. Kuna wiki nilikuwa nauliza kutwa, unajisikiaje, unaumwa wapi, umekunywa dawa, unajisikiaje, mpaka akaniambia Baba Yona mimi sio redio useme utanifungulia habari kila saa. Kwahiyo sio kuuliza tu. Kumuuliza "unajisikiaje" ni kumpa kazi ya kukutuliza wewe. Muulize kitu anachoweza kujibu kwa neno moja, mto nikuwekee huku au huku, nilale hapa au pale. Naona hivo. Mama yako anasema hata hilo linategemea siku, haya.

Sasa nikuambie habari ya ukuta. Hii sijawahi kukuandikia.

Mrija ulipotoka mtaalamu wa mazoezi alimfundisha mama yako kusimama karibu na ukuta, anaweka vidole, anavipandisha kidogo kidogo kama mjusi, pale panapoanza kuvuta anasimama, anavuta pumzi, anashuka. Mkono wa kulia ndo wa kuandikia ubaoni, si unajua, na yeye hofu yake kubwa haikuwa kufa, ilikuwa asije akasimama mbele ya darasa la nne akashindwa kufika juu ya ubao watoto wakacheka. Akachagua ukuta wa koridoni, kati ya bafu na chumba chenu. Kila alipofika anaweka alama kwa ile kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Akipita ya jana anaweka vema. Akishindwa anaweka kosa. Na tarehe pembeni, mwandiko wa kialimu kabisa. Safari ilianzia usawa wa kiuno, ikapita swichi ya taa, lengo lilikuwa msumari wa kalenda.

Na ile safari haikuwa ya kupanda tu. Katikati kwapani kukatokea vitu kama nyuzi za gitaa chini ya ngozi, akinyoosha mkono vinavuta mpaka kwenye kiwiko, mimi nikajua ugonjwa umerudi, sikulala. Daktari akasema hapana, hizo kamba huwatokea wengi waliotolewa tezi, na dawa yake ni kuendelea kunyoosha taratibu sio kuuficha mkono. Usiku anakuna titi ambalo halipo, anasema linawasha, na akiligusa lile eneo la chini ya mkono kwa ndani anasema ni kama anagusa mtu mwingine, ganzi tupu. Ganzi ile mpaka leo haijaisha yote. Mkeo akikuambia hayo usimwangalie kama kichaa.

Basi mwishoni mwa Februari walimu wenzake wakasema watakuja Jumamosi kumpa pole, na mchango wao. Nikaangalia nyumba. Nikaona koridoni kuna makorokoro mekundu ukutani, nikaona aibu, wageni watasema nyumba imeshindwa kutunzwa mama akiumwa. Ijumaa akiwa kliniki na shangazi yako nikanunua galoni ya rangi ya mafuta, krimu, nikapaka koridoni yote mikono miwili. Nikapaka vizuri, unajua mkono wangu. Nikafungua madirisha, upepo wa Dodoma ukakausha fasta. Nikakaa kibarazani kumsubiri aje ashangae.

Akaja. Akaingia, akasimama pale. Aliweka kiganja ukutani, rangi ilikuwa bado inanata kidogo, akakitoa akakiangalia. Akasema "pamekuwa pasafi". Akaenda kulala.

Mimi nikafurahi!! Nikasema kapapenda.

Siku tisa hakufanya zoezi hata moja. Namwambia mama fanya zoezi, anasema nimechoka. Mkono ukaanza kukaza, akawa anachana nywele kwa kushoto. Shangazi yako ndo aliniita nje akaniuliza hivi wewe una akili, mwenzako alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kabla hujaamka anaenda kusoma zile vema moja moja, siku nyingine ndo kitu pekee kinachomtoa kitandani, wewe umezipaka rangi kwa ajili ya wageni. Na wageni wenyewe walikaa nusu saa hata koridoni hawakupita.

Nilichukua kisu nikaanza kukwangua. Fikiria mtu mzima wa miaka hamsini na moja amepiga magoti koridoni anakwangua rangi aliyoipaka mwenyewe. Nilipata vema mbili na nusu na "14/2", basi, zingine zilitoka na plasta. Mama yako akatoka chumbani akaniangalia muda, akasema unaharibu rangi bure Baba Yona, alafu akalia, na ni mara ya kwanza alilia mbele yangu tangu siku ya majibu. Nikakaa nae pale pale sakafuni. Ndo usiku niliouliza, nirudi kulala chumbani au bado unaumia. Akasema nilidhani wewe ndo unaumia.

Naandika hapa na bado naona aibu, miaka yote hii. Natafuta njia ya kujitetea, nasema nilipaka kwa nia nzuri, na ni kweli, nia ilikuwa nzuri, lakini nia nzuri ndo iliyonihamishia kochini pia. Wewe likizo ya Juni ulikuta pamekwanguka ukauliza nani kafanya hivi, nikakuambia panya. Haya, sio panya.

Alianza upya kuweka alama juu ya krimu. Msumari wa kalenda aliufikia mwezi wa tano, katikati ya zile dozi za kemo, akiwa hana nywele. Kemo na mionzi ndo safari za Ocean Road zile, hospitali ya saratani kule Dar, basi la alfajiri, mama yako kakumbatia mto mdogo kati ya mkanda na kifua maana kila tuta ni kidonda. Hayo utayapitia na mkeo na madaktari wake, mimi sio daktari, ila mambo mawili usiyachezee. Mkono wa upande ule ukianza kuvimba, pete inabana au mkono wa gauni unabana kuliko wa upande wa pili, msiseme utapungua wenyewe, pelekeni mapema. Na ukiwa mwekundu, wa moto, na homa, ni siku hiyo hiyo hospitali, sio kesho. Mama yako mpaka leo ndoo anabeba kwa kushoto na presha anapimwa kushoto, manesi wapya anawaelekeza yeye.

Sasa Kondoa.

Nilijiapia jana usiku kwamba sitasema mpeleke wala usimpeleke, kwasababu nikisema nakuwa nimepaka rangi ukuta wa mtu mwingine. Kidonda kina mwenyewe. Mama mzazi ni mama mzazi, anaweza kumwogesha bila yeye kujificha, na pengine anatamani kulia mahali ambapo mtoto wenu Neema hamwoni. Hilo nalielewa. Kwa upande mwingine mtu akipelekwa mbali "mpaka arudi kawaida" anaweza kusikia usirudi mpaka uwe wa kawaida, na hiyo kawaida Yona, ile ya zamani, haiji. Inakuja nyingine. Nzuri tu, mimi naishi nayo, ila ni nyingine. Na ukisema abaki, nani atakaa nae mchana wewe ukiwa kazini? Na tena… basi, nimesema sisemi. Katika ujumbe wako wote hujaandika yeye anataka nini. Nimetafuta mara mbili nikiwa na miwani.

Ila kama ataamua kwenda, mwambie hiyo treni ya umeme toka Dar mpaka hapa Dodoma haifiki hata masaa manne, haina matuta, mimi niliyekula reli miaka 31 nikiipanda naangalia dirishani kama mtoto. Ashuke hapa, alale kwetu hata siku mbili, Kondoa ni lami mwanzo mwisho, nitampeleka mwenyewe. Sisemi aje. Nasema kama njia inapita hapa.

Mama yako ana la kwake, ameniamuru nisiliandike kwahiyo naliandika. Kabla hajaanza kusikia habari za yale matiti ya silikoni alijishonea la kitambaa mwenyewe. La kwanza lilikuwa la pamba tupu, jepesi, linapanda mpaka shingoni akiinua mkono, na bega moja linakuwa juu kuliko lingine maana upande mmoja hauna uzito. Akapata akili, akachanganya pamba na uwele. Uwele! Uzito ukakaa sawa kabisa, alipima kwa mizani ya dukani kwa jirani, wanawake wawili na mizani wanacheka nyuma ya pazia. Shida jasho, kwahiyo kila Jumamosi analianika kwenye ungo juani. Mwezi wa saba, lile baridi letu na upepo, nipo kibarazani nasikia kelele, natoka namkuta tetea mwekundu kalipasua, kamwaga uwele uwanja mzima anadonoa na vifaranga wake, na mama yako kasimama mlangoni na kanga moja, kifua upande mmoja, jirani anaona, na hajali, anacheka mpaka kakaa chini. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu Januari. Nikachukua fimbo nimpige kuku akanizuia, mwache ashibe, kashakula titi la mwalimu.

Sijui kwanini nakuandikia hilo, hukuuliza. Labda kwasababu siku ile ndo nilijua amerudi, na haikuwa siku ambayo daftari langu lingenionyesha.

Msalimie mkamwana, mwambie mama mkwe wake kasema akipenda ampigie simu usiku, yeye usiku halali sana, na hataulizwa anajisikiaje. Neema mbusu. Kochi hilo lirudishieni mito yake, au mbaki nalo, sijui, muulize.

Baba yako.

Mama yako anasoma begani kwangu anasema niongeze, yule tetea tulimchinja Krismasi, na paja ulikula wewe.