Maswali ya Wasomaji: Naombaje fomu ya chuo jirani bila kuonekana sijui kazi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mkutubi kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, mwaka jana nikakabidhiwa repozitori ya chuo, ile hifadhi ya mtandaoni tunakoweka tasnifu za wanafunzi na makala za walimu ili mtu yeyote asome bure. Niko peke yangu, kijana wa ICT anakuja akipata nafasi. Fomu ya ruhusa nimeandika mwenyewe, sera mwenyewe, maelekezo ya kupandisha faili mwenyewe, afu juzi kwenye semina nakutana na mwenzangu wa Iringa naye kakesha kuandika vitu vilevile. Nilitaka kumwomba vyake nikaona aibu, na bosi wangu anasema nyaraka za ofisi hazitoki nje. Tunashirikianaje bila kuvunja utaratibu? (Mkutubi, Iyumbu)

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, hiyo njia nimeipita kwa miguu naijua vumbi lake.

Tuanze na bosi. Anachanganya vitu viwili na wewe ndo wa kumtenganishia. Fomu zilizojazwa, zenye jina na sahihi na namba ya simu ya mwanafunzi, hizo hazitoki, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na inatuhusu hata sisi wa maktaba. Paswedi za seva hazitoki. Lakini fomu tupu ina siri gani? Na sera ya repozitori ndo kabisa inatakiwa ikae hadharani, maana mwalimu anayekupa makala yake lazima ajue anakupa kwa masharti gani. Sasa mwandikie barua ya nusu ukurasa, na usimwandikie "naomba kushirikishana rasilimali" maana hapo hata mimi ningeogopa kusaini, mtajie nyaraka kwa majina: fomu tupu ya ruhusa, sera, mwongozo wa kujaza metadata (yale maelezo ya kila kazi, kama mwandishi, kichwa na mwaka), barua ya kumwombea mwalimu makala, na ile orodha ya kukagua kabla hujapandisha faili. Akiona ni makaratasi matano anayoyajua, atasaini.

Kuhusu aibu, usiende kwa mwenzako mikono mitupu. Mtumie yako kwanza, tena mwonyeshe panapokuuma. "Kaka habari za kazi, hii hapa fomu yetu, kipengele cha nne walimu hawakielewi kila mtu ananiuliza, ninyi mmekiandikaje?" Ujumbe kama huo nimeshautuma mara nyingi na hakuna aliyewahi kuninyima, kwa sababu mtu ukimfungulia droo yako naye anafungua yake.

Na kwenye droo msitoe zile nyaraka zilizopigwa pasi tu. Chenye thamani kuliko vyote ni karatasi ya makosa. Nakupa kisa changu. Programu ya DSpace, ambayo vyuo vingi vyetu vinaitumia kuendeshea repozitori, ukiisimika bila kubadilisha mpangilio inaipa kila kazi anwani yenye namba 123456789 katikati. Hiyo namba ni ya mfano tu, inatakiwa uende kwenye Handle, mfumo wa anwani za kudumu za mtandaoni, usajili kiambishi chako mwenyewe, yaani namba ya chuo chako inayokaa mahali pa ile ya mfano, unalipa ada ndogo kila mwaka, basi anwani zako zinadumu hata seva ikihamishwa. Chuo nilichokuwepo tuliiacha hivyohivyo. Miaka ikapita, chuo kikabadilisha anwani ya tovuti. Siku moja asubuhi akaja binti wa uzamili, tasnifu yake imeshachapwa, kwenye marejeo kaweka viungo kumi na kitu vya kazi zetu wenyewe, tukakaa mezani kwangu tunabofya kimoja kimoja, ukurasa mtupu, ukurasa mtupu, mpaka cha mwisho. Alikuwa amebakiza siku tatu kukabidhi. Tulitafuta kichwa baada ya kichwa mpaka saa moja jioni mlinzi akaja kuuliza kama tunalala humo. Kilichoniuma baadaye ni kugundua kwamba chuo jirani, dakika ishirini kwa bodaboda, walishapata tatizo lilelile na waliandika hatua zote za kulitatua kwenye karatasi moja, ipo kwenye faili la mkutubi wao, na hakuna aliyewahi kuiuliza.

Hivyo hivyo na bakapu, ile nakala ya akiba. DSpace ina sehemu mbili, kuna hifadhidata yenye majina na maelezo na kuna folda la faili zenyewe linaloitwa assetstore, na humo ndani faili hazina majina ya waandishi, zina mlolongo wa tarakimu tu. Ukinakili folda ukasahau hifadhidata, siku seva ikifa utabaki na gunia la PDF hujui ipi ya nani. Muulize kijana wa ICT leo, ananakili zote mbili au moja? Jibu lake liandike, na hilo nalo ni karatasi ya kumpa mwenzako.

Sasa mtaziweka wapi. Grupu la WhatsApp lifungueni, ni zuri kwa kuulizana, mtu kakwama saa tano usiku anasaidiwa, ila faili likitumwa humo baada ya miezi miwili limezama chini ya salamu na pole za misiba na mtu mpya anauliza tena "nani ana ile fomu?" Wekeni kwenye repozitori zenu wenyewe! Sisi tunahangaikia kazi za walimu na wanafunzi tunasahau za kwetu. Fungua mkusanyo uuite Vitendea kazi vya repozitori, pandisha kila waraka na tarehe yake na namba ya toleo, uwe wa Word siyo PDF peke yake ili mwenzako aweze kurekebisha, na uandike leseni ya CC BY, ile ruhusa ya wazi ya Creative Commons, hapo yeyote anaruhusiwa kuchukua na kubadilisha mradi ataje ametoa wapi.

Wenzetu wa Uingereza mameneja wa repozitori walianzisha umoja wao, UKCoRR, mwaka 2007. Sisi tuna COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti, kwa hiyo siwashauri muunde chama kipya, mkaanza na katiba na viongozi mkaishia hapo. Anzeni watatu wa hapahapa Dodoma, mara moja kila muhula, kila mmoja aje na waraka mmoja na kosa moja. Na ukichukua sera ya mwenzako isome neno kwa neno kabla hujaipeleka kwenye seneti. Nimeshaona sera ikisomwa mbele ya maprofesa ikiwa na jina la chuo kingine ukurasa wa tatu.

SWALI: Dada habari za kazi. Walimu wangu hawatoi makala, wanasema jarida litawashtaki. Nawajibuje? (Msomaji, Area C)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Usiwabishie, hofu yao ina msingi, wengi walisaini mkataba wa kumpa mchapishaji haki bila kuusoma. Ila kuna matoleo mawili ya makala ileile na walimu wengi hawajaambiwa. Kuna ile iliyopangwa na jarida, yenye nembo na namba za kurasa, hiyo mara nyingi ni ya mchapishaji. Na kuna ile ya Word ambayo mwalimu aliituma mara ya mwisho baada ya kurekebisha maoni ya wahakiki, na hiyo wachapishaji wengi wanairuhusu iwekwe kwenye repozitori ya chuo, pengine baada ya kusubiri miezi 6 au 12 au zaidi. Kuangalia nani anaruhusu nini zamani tuliingia tovuti ya Sherpa Romeo, siku hizi shirika la Jisc la Uingereza wameihamishia kwenye huduma yao inayoitwa Open Policy Finder, ni bure, unaandika jina la jarida unapata masharti.

Shida ni majarida yetu ya Afrika, mengi hutayakuta humo. Hapo unamwandikia mhariri barua pepe fupi, unamtajia makala, unamwuliza toleo gani na baada ya muda gani. Na akikujibu, tafadhali sana dada usikae na jibu hilo peke yako. Tengenezeni jedwali moja la vyuo vyote, jina la jarida, mhariri amesema nini, tarehe gani. Mhariri mmoja wa jarida la humu nchini aliniambia ameulizwa swali lilelile na vyuo vinne ndani ya mwaka mmoja, na kila mara amejibu upya.

Kwa mwalimu mwenyewe usitume tangazo la jumla. Nenda ofisini kwake, mwambie "nimeshaangalia jarida lako, linaruhusu, nahitaji ile Word ya mwisho tu." Wanaitafuta ukiwa umekaa hapo hapo.

SWALI: Mama, tasnifu zetu za Kiswahili tumeziskani zote lakini mtu akitafuta hazionekani. Kwa nini? (Mdau, Kongwa)

JIBU: Skani bila kutambua maandishi ni picha tu, mashine haisomi. Tumia Tesseract, programu ya kugeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, ni bure na ina data ya Kiswahili, wengi wanasahau kuichagua wanaacha Kiingereza na maneno yanatoka yamevurugika. Punguzeni pia uzito wa faili, Google Scholar, ile Google ya kutafutia kazi za kitaaluma, kwenye maelekezo yao wanataka PDF isizidi MB 5.

Halafu fungua rekodi moja uangalie sehemu ya lugha. Orodha inayokuja na DSpace ina Kihispania, ina Kijapani, Kiswahili hakuna, kwa hiyo anayejaza anachagua Kiingereza ili asonge mbele, na tasnifu ya ushairi wa Kigogo iliyoandikwa kwa Kiswahili safi inahesabiwa ya Kiingereza. Hili linaniuma kweli. Mwambie mtu wa ICT afungue faili la submission-forms.xml, kama mko toleo la 6 kurudi nyuma ni input-forms.xml, aongeze Kiswahili na kifupi chake sw. Rekodi za zamani mzishushe kwa CSV, lile faili la jedwali linalofunguka kwenye Excel, mrekebishe safu ya lugha, mpandishe tena, ila jaribuni na rekodi tano kwanza. Mistari hiyo ya XML ikikubali kwenu nitumieni, nitaichapa hapa toleo lijalo ili wengine wainakili.