Tairi za Prado ya 1998, Nakuru hadi Kuresoi

Mkubwa, umeuliza ununue tairi gani za hiyo Prado, na kama umesema wiki nzima uko lami ya Nakuru na Jumamosi ndio unapanda shamba Kuresoi, chukua A/T (all-terrain, tairi za lami na barabara mbaya), hizo M/T (mud-terrain, za tope) za meno makubwa achana nazo, zitakupigia kelele mpaka Molo na zinaisha haraka kwa lami na kwa lami yenye maji breki zake sizipendi hata kidogo. Saizi baki na 265/70R16. Ukiweka kubwa zaidi gari la umri huo linakuwa zito kuondoka, mafuta yanapanda, spidomita inadanganya na ukikata kona tairi inaweza kusugua madigadi.

Sasa kitu muhimu kabisa, angalia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyochapwa pale ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake imetoka kiwandani wiki ya 23 mwaka wa 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na meno mazuri na raba imekauka kitambo, tafadhali usibebe familia na hiyo. Na nunua zote nne zifanane, Prado hiyo inavuta magurudumu yote muda wote, ukichanganya saizi au mpya na kipara unaumiza difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Kabla hujalipa fundi akague bolijointi na bushi, zile viungo na raba zinazoshikilia magurudumu, zikiwa zimelegea tairi mpya zitaliwa upande mmoja. Ukifika kwa tope shusha presha kidogo, karibu PSI 20 hivi, endesha polepole, halafu ujaze tena kabla ya kurudi lami.